Ikiwa miji inafunika sehemu ndogo tu ya nchi kavu, mbona inalaumiwa kwa kuangamiza makazi ya viumbe?

Mtazamaramani aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikilinganisha ramani za matumizi ya ardhi zilizochorwa kutokana na picha za setilaiti, za miaka ya 1990 na za hivi karibuni, na kuna jambo linalonitatiza. Eneo lililojengwa, yaani nyumba, viwanda, barabara na maegesho vikijumlishwa, ni dogo kuliko nilivyodhani. Makadirio hutofautiana kwa kuwa kila mtafiti ana namna yake ya kuamua mji unaishia wapi, lakini mengi hayavuki asilimia 3 ya nchi kavu, na baadhi hayafiki hata asilimia 1. Kilimo na malisho huchukua zaidi ya theluthi moja. Mwenye kuitazama ramani ya dunia nzima huona mashamba na malisho. Miji ni nukta.

Hata hivyo, kila ninaposoma kuhusu kutoweka kwa spishi, ukuaji wa miji hutajwa miongoni mwa visababishi vikubwa. Naomba wenye ujuzi wanisaidie katika mambo mawili. La kwanza, je, lawama hiyo inalingana na ukubwa wa eneo lenyewe, au miji huonekana mibaya kwa sababu tu wengi wetu tunaoandika tunaishi ndani yake? La pili ni la hesabu. Tuseme bonde lililokuwa na msitu limejengwa, ikabaki asilimia 20 ya msitu huo katika vipande vilivyotapakaa kati ya mitaa. Je, tumepoteza asilimia 80 ya spishi, au pungufu, au zaidi? Nauliza hivyo kwa sababu nimesoma mipango ya ujenzi inayojitetea kwamba sehemu ya tano ya uoto wa asili itahifadhiwa, kana kwamba sehemu ya tano ya msitu ni sehemu ya tano ya uhai uliomo.

Niongeze pia kwamba zaidi ya nusu ya binadamu sasa wanaishi mijini. Kama wote hao wangetawanyika mashambani, kila kaya na uwanja wake, si uharibifu ungezidi?

Mchunguzi wa Kingo alijibu:

Ndugu Mtazamaramani, nianze na swali lako la hesabu, kwa kuwa wanaikolojia wamelipigia kanuni tangu zamani. Idadi ya spishi katika eneo haipungui sambamba na eneo. Hufuata kipeo kidogo cha ukubwa wake, ambacho mara nyingi hukadiriwa kuwa karibu na 0.25. Wanaikolojia Robert MacArthur na Edward O. Wilson waliijengea kanuni hiyo nadharia nzima katika kitabu chao cha 1967 kuhusu visiwa. Ukiitumia kanuni hiyo, kukata nusu ya msitu kunagharimu takriban asilimia 16 ya spishi. Kukata asilimia 80, kama katika mfano wako, kunagharimu karibu theluthi moja. Kukata asilimia 90 kunagharimu asilimia 44 hivi. Anayejenga hufurahi kusikia hayo, kwa maana anaona ameondoa sehemu tisa kati ya kumi na bado zaidi ya nusu ya spishi zimesalia. Lakini itazame hesabu hiyo kutoka mwisho wake. Ile sehemu moja ya kumi iliyobaki ndiyo imebeba asilimia 56 ya spishi zote. Hekta ya kwanza kukatwa ni rahisi, ya mwisho ni ghali kupita kiasi, na miji inayokua huzikuta zile za mwisho, kwa sababu mashamba yalikwisha kula za mwanzo.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Katika ardhi yenyewe mambo huwa mabaya kuliko kanuni inavyosema, na sababu ziko mbili: umbo na muda.

Kuhusu umbo, chukua kipande cha msitu chenye umbo la mraba na ukubwa wa hekta 100, maana yake kilomita moja kila upande. Upepo, jua, ukavu na magugu huingia kutoka pembeni. Tuseme huingia mita 100. Ndani kabisa utabaki na hekta 64 ambazo bado ni msitu kwa maana halisi. Kipande cha hekta 10 kina upande wa mita 316, na ukiondoa mita 100 kila upande unabakiwa na hekta moja na kitu tu. Kipande cha hekta moja hakina ndani. Chote ni ukingo. Ramani yako ya setilaiti itavipaka vyote rangi ileile ya kijani, na hapo ndipo ramani inapodanganya bila kusema uongo. Mwaka 2015 kundi la watafiti wakiongozwa na Nick Haddad lilionyesha kwamba asilimia 70 ya misitu iliyobaki duniani iko ndani ya kilomita moja kutoka kwenye ukingo.

Mita 100 nilizotumia si za kubuni tu. Karibu na Manaus, nchini Brazili, Thomas Lovejoy alianzisha mwaka 1979 jaribio ambalo bado linaendelea: msitu wa Amazoni uliokuwa ukikatwa kwa ajili ya malisho uliachiwa vipande vya hekta 1, 10 na 100, ambavyo viumbe wake walikuwa wamehesabiwa kabla ya kutengwa. Miti mikubwa ilianza kufa kwa kasi karibu na kingo, hasa katika mita 100 za mwanzo, na dalili nyingine zilionekana hadi mita 300 na zaidi. Ndege wanaofuata misafara ya siafu ili kula wadudu wanaokimbia walitoweka mapema, kwa sababu kipande kidogo hakitoshi kulisha siafu, na siafu wakikosekana na ndege hao hawana kazi. Hata katika vipande vya hekta 100, nusu ya spishi za ndege wa chini ya mwavuli wa msitu zilipotea katika muda usiofika miaka 15. Nafasi ya wazi ya mita 80 tu iliwazuia baadhi ya ndege kuvuka. Hawa ni ndege, wana mabawa, nao walishindwa kuvuka umbali ambao mtu mzima huutembea kwa dakika moja.

Sababu ya pili ni muda. Mti wa miaka 200 hauanguki siku barabara inapofunguliwa. Unaendelea kusimama, hata kuzaa matunda, ilhali mnyama aliyekuwa akisambaza mbegu zake amekwisha kutoweka na hakuna mche unaoota chini yake. Mtu atakayekuja kuhesabu spishi za miti miaka 10 baada ya ujenzi atazikuta zote, aandike kwamba ujenzi haukuathiri chochote. David Tilman na wenzake waliliita jambo hili mwaka 1994 deni la kutoweka: spishi bado ipo, lakini hukumu yake imekwisha kutolewa. Kwa hiyo jibu langu kwa bonde lako ni kwamba siku ya uzinduzi mtakuwa mmepoteza spishi chache, na deni lililobaki litalipwa na wajukuu.

Singapore inatoa picha ya deni hilo. Zaidi ya asilimia 95 ya misitu iliyokuwapo mwaka 1819 imeondolewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulihesabu kwamba zaidi ya robo ya spishi zilizokuwa zimerekodiwa zimetoweka kisiwani humo, na watafiti haohao walieleza kwamba hasara halisi yaelekea kuwa kubwa zaidi, kwa kuwa nyingine zilikwisha kabla hajatokea mtu wa kuziandika. Kanuni niliyoitaja ingekisia karibu nusu. Pengo kati ya robo na nusu ni sehemu yake spishi zisizorekodiwa kamwe, na sehemu yake spishi ambazo bado zipo lakini zinadaiwa.

Mfuatamkondo alijibu:

Mchunguzi wa Kingo ameeleza vizuri, ila ameliruka swali la kwanza, nalo ndilo linalonigusa mimi ninayeshughulika na mito midogo.

Asilimia 3 ingekuwa ndogo kweli kama miji ingetupwa juu ya dunia kwa bahati nasibu. Haikutupwa hivyo. Watu hujenga penye maji yasiyo ya chumvi, kwenye mdomo wa mto, penye ghuba tulivu, kwenye bonde lenye udongo mzuri, na hapo ndipo viumbe wengine nao walipokusanyika kwa sababu hizohizo. Kilomita moja ya mraba ya jangwa na kilomita moja ya mraba ya mlango wa mto si kitu kimoja, hata kama kwenye jedwali la takwimu zinalingana. Tathmini ya mwaka 2019 ya IPBES, jopo la kimataifa linalochunguza hali ya bioanuwai, ilisema kwamba eneo la miji limezidi maradufu tangu 1992, na kwamba zaidi ya asilimia 85 ya ardhioevu iliyokuwapo mwaka 1700 ilikuwa imepotea ilipofika 2000. Sehemu kubwa ya ardhioevu hiyo ilikaushwa kwa ajili ya kilimo, nakubali. Lakini nenda kwenye bandari yoyote kubwa, uulize uwanja wake wa makontena uko juu ya nini, na mara nyingi jibu litakuwa kinamasi, mikoko au tope la pwani lililofukiwa.

Halafu kuna jambo ambalo ramani ya matumizi ya ardhi haiwezi kulionyesha: mji hauishii pale lami inapoishia. Mvua inyeshapo juu ya msitu, maji mengi huzama ardhini na kuufikia mto polepole, kwa siku na wiki. Inyeshapo juu ya paa na lami, hukimbilia mferejini na kuufikia mto kwa dakika, yakiwa ya moto kutokana na lami iliyochomwa na jua, yakiwa yamebeba mafuta, vumbi la matairi na kila kilichoachwa barabarani. Mto hupata mafuriko ya ghafla ambayo hayakuwapo, hukwangua kingo zake, huzidi kuchimbika na kutanuka; kisha kiangazi hukauka mapema, kwa kuwa maji yaliyopaswa kuwa ardhini yakiulisha hayapo. Samaki wanaotaga mayai kwenye changarawe hukuta changarawe imefunikwa tope. Tafiti nyingi za vijito zimeona dalili hizi pale ambapo nyuso zisizopenyeza maji zinafika karibu asilimia 10 ya lindimaji, yaani eneo lote ambalo maji yake huteremkia kijito hicho, na viumbe wepesi kudhurika huanza kupungua kabla hata ya kiwango hicho. Kwa maneno mengine, asilimia 90 ya lindimaji inaweza kuwa bado ni miti na nyasi, na kijito kikawa kimekwisha kuugua.

Taa nazo ni hivyohivyo. Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuhesabu viwavi wa nondo kando ya barabara: penye taa, viwavi kwenye vichaka vya ua walikuwa pungufu kwa asilimia 47 kuliko penye giza, na kwenye majani ya kandokando pungufu kwa asilimia 33. Vichaka vilevile, majani yaleyale, barabara ileile. Kilichobadilika ni taa. Ramani ya matumizi ya ardhi ingeziweka sehemu zote mbili katika kundi moja.

Niseme neno pia kuhusu urekebishaji, kwa kuwa hupenda kutajwa kama faraja. Seoul, nchini Korea Kusini, ilibomoa barabara kuu ya juu na kukifunua kijito cha Cheonggyecheon, kilichokuwa kimezikwa chini yake. Kilifunguliwa mwaka 2005 na ni mahali pazuri, mimea na ndege wamerudi, hata joto la hapo limepungua. Sikidharau. Lakini maji yake mengi husukumwa kwa pampu kutoka mto Han, kwa sababu chemchemi na udongo vilivyokuwa vikikilisha kwa mwaka mzima viko chini ya mji. Pampu zikizimwa, kijito kitakuwa mfereji mkavu. Mtu anaweza kukirudisha kitanda cha mto kwa miaka miwili. Kulirudisha lindimaji lake ni kazi nyingine kabisa.

Mpimadhana alijibu:

Naomba kutofautiana na waliotangulia, si kwa ukweli walioutaja bali kwa uzito walioupa.

Kwanza, jaribio la Manaus na mengine ya aina yake yanachanganya mambo mawili ambayo yanapaswa kutenganishwa: kupungua kwa makazi na kumegeka kwa makazi. Kipande cha hekta 10 kilichozungukwa na malisho kina hali mbaya kwa sababu ni kidogo, na kwa sababu msitu wote wa jirani umeondolewa. Swali la haki ni hili: ukiwa na hekta 100 za kuhifadhi, ni bora ziwe pamoja, au ziwe vipande 10 vya hekta 10 katika maeneo mbalimbali? Lenore Fahrig wa Kanada alipitia tafiti nyingi, akachapisha mapitio makubwa mwaka 2003 na mengine 2017, na akaona kwamba pale ambapo kumegeka kwenyewe kulikuwa na athari inayopimika huku jumla ya makazi ikibaki ileile, athari hiyo mara nyingi ilikuwa ya manufaa. Vipande vingi hugusa aina nyingi zaidi za udongo, miinuko na unyevu, na ugonjwa au moto ukizuka mahali pamoja hauvimalizi vyote. Wapo waliompinga vikali, Haddad akiwa miongoni mwao, na mjadala huo una mizizi tangu miaka ya 1970. Lakini matokeo yake kwa upangaji wa miji ni makubwa. Mwenye kuamini kwamba kipande kidogo hakina thamani atakiachia kijengwe bila kusita. Nimeshuhudia hoja ya namna hiyo ikitumiwa katika kikao: msitu huu ni mdogo mno, umekwisha kuharibika, basi bora tumalizie. Waliosema hivyo walidhani wanazungumza ikolojia.

Pili, kuhusu swali la Mtazamaramani la watu kutawanyika, nashangaa hakuna aliyelijibu, ilhali ndilo lenye kishindo. Watu 100,000 wakiishi katika majengo ya ghorofa karibukaribu, na watu 100,000 wakiishi kila kaya na ua wake, tofauti ya ardhi inaweza kuwa mara 10 au zaidi, na kila nyumba iliyo mbali inadai barabara, nguzo na bomba lake. Wanaikolojia wa kilimo wamekuwa na mjadala kama huu tangu Rhys Green na wenzake walipoandika mwaka 2005: je, tulime kwa nguvu eneo dogo na kuliacha kubwa, au tulime kwa upole kila mahali? Kwa spishi nyingi, hasa zenye maeneo madogo ya asili, kulima eneo dogo kumeonekana kuwa afadhali. Sioni kwa nini miji iwe tofauti. Adui niliye naye mimi ni mji uliolala chini na kujinyoosha, si mji uliosimama.

Tatu, tusiseme kana kwamba mji ni jangwa. Ndani ya mji kuna uhai, na uhai huo unabadilika mbele ya macho yetu. Katika Montpellier, kusini mwa Ufaransa, kuna mmea mdogo uitwao *Crepis sancta* unaoota kwenye vishimo vya miti ya kandokando ya barabara. Hutoa mbegu za aina mbili, nyepesi zinazopeperuka na nzito zinazodondoka papo hapo. Mbegu nyepesi ikipeperuka mjini inatua kwenye saruji na kufa. Watafiti walionyesha mwaka 2008 kwamba mimea ya mjini imekuwa ikitoa sehemu kubwa zaidi ya mbegu nzito, na walikadiria kwamba badiliko hilo lilihitaji vizazi kati ya 5 na 12 tu. Katika mji wa Leiden, Uholanzi, ndege wadogo wanaoishi penye kelele za magari huimba kwa sauti nyembamba zaidi ili wasikike. Mabadiliko kama hayo hayawezi kuitwa maangamizi.

Mchunguzi wa Kingo alijibu:

Mpimadhana, nakushukuru, na katika hoja ya vipande vidogo nakubali kwamba niliandika kwa namna inayoweza kumpa mjenzi silaha. Kipande cha hekta moja hakifai kwa ndege wanaofuata siafu, lakini kinaweza kuwa ndicho mahali pa pekee ilipobaki okidi fulani au konokono fulani. Thamani yake inategemea nani anayekaa humo, na hilo haliamuliwi kwa kutazama ukubwa peke yake.

Ila mfano wako wa *Crepis* nauona kwa jicho jingine. Mmea huo umejifunza kutosafiri. Ni werevu kwa leo, lakini kishimo chake kikizibwa kesho, hauna tena mbegu za kutosha za kuufikisha kwingine. Kuzoea kifungo si sawa na kuwa salama. Tena spishi zinazoweza kubadilika katika vizazi 12 ni zile za maisha mafupi na uzao mwingi: magugu, wadudu, panya. Matokeo yake ni kwamba miji ya mabara tofauti huanza kufanana kwa viumbe, njiwa walewale, shomoro walewale, panya walewale. Idadi ya spishi katika mji mmoja inaweza hata kuongezeka huku jumla ya spishi za dunia ikipungua, na mtu anayehesabu mji wake pekee hatagundua.

Jambo lingine ambalo hesabu ya spishi huficha ni nani aliyetoweka. Bwawa la Guri lilipojazwa maji nchini Venezuela, vilele vya vilima viligeuka visiwa vidogo vya msitu, navyo havikuwa na jaguari, puma wala tai wakubwa. John Terborgh na wenzake walikuta mwaka 2001 kwamba panya, mijusi aina ya iguana, kima wanaonguruma na sisimizi wakata majani walikuwa wameongezeka kati ya mara 10 na mara 100 kuliko katika msitu mkubwa wa bara, na miche ya miti ilikuwa imepungua vibaya. Waliokosekana walikuwa spishi chache, wawindaji tu. Kwa hesabu ya asilimia ni hasara ndogo. Kwa msitu ni kukosa watoto. Vipande vya msitu vilivyo katikati ya miji vina upungufu huohuo, kwa kuwa wawindaji wakubwa ndio wa kwanza kuondoka au kuuawa.

Mtazamaramani aliandika:

Nawashukuru nyote. Naona swali langu la kwanza lilikuwa limekaa vibaya: nilikuwa nauliza mji unafunika kiasi gani, nilipopaswa kuuliza umekaa wapi na unagusa hadi wapi. Nibadilishe basi. Ikiwa mji lazima ukue, na ikiwa Mpimadhana yuko sahihi kwamba usimame badala ya kulala, je, kuunganisha vile vipande vilivyobaki kwa shoroba kunasaidia kweli, au ni pambo la kwenye michoro? Maana kila mpango wa mji ninaouona siku hizi una mstari wa kijani uliochorwa kutoka bustani moja hadi nyingine.

Mchunguzi wa Kingo alijibu:

Husaidia pale mnyama anapojulikana na kizuizi kinapojulikana. Katika hifadhi ya Banff, Kanada, barabara kuu iliyoikata hifadhi katikati iliwekewa uzio pande zote mbili, madaraja ya juu 6 yaliyopandwa miti na nyasi, na njia za chini 38. Migongano ya magari na wanyama wakubwa ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini wanyama hawakupita siku ya kwanza. Wengine walichukua miaka kadhaa kuziamini njia hizo. Dubu wa kahawia walipendelea madaraja ya juu yaliyo wazi, ilhali puma na dubu weusi walipendelea njia za chini zilizobana. Mpangaji aliyejenga aina moja tu angemsaidia mnyama mmoja na kumnyima mwenzake. Na uzio, ambao haupendezi kwenye picha, ndio uliofanya kazi kubwa.

Kinyume chake kipo Los Angeles. Puma dume aliyepewa na watafiti alama ya P-22 alivuka barabara kuu mbili kubwa, akaingia bustani ya Griffith, akaishi humo kwa miaka 10 katika eneo la kilomita za mraba 20 hivi, dogo mno kwa dume wa aina yake, bila kupata jike hata mara moja. Alikufa Desemba 2022. Kipande chake kilikuwa na mawindo na maji. Hakikuwa na njia ya kumfikia mwenzake. Daraja la wanyama juu ya mojawapo ya barabara kuu za huko lilianza kujengwa mwaka huohuo aliokufa.

Mstari wa kijani kwenye mchoro, ikiwa ni miti iliyopangwa kwenye kinjia cha watembea kwa miguu na taa kila mita 20, utapitisha njiwa. Uliza ni mnyama gani aliyekusudiwa kupita; mchoraji akikosa jina la kutaja, basi ni pambo.

Mfuatamkondo alijibu:

Nikubaliane na Mpimadhana kuhusu mji uliosimama, kwa sharti moja ambalo sioni likitajwa: saruji ya ghorofa hizo inatoka wapi? Mchanga na changarawe ndiyo mali ghafi yabisi inayochimbwa kwa wingi kuliko nyingine zote duniani, na mwingi hutolewa kwenye vitanda vya mito na fukwe. Mji ukibana eneo lake huku ukizidisha mchanga wake, umehamisha jeraha tu, na mto ulioharibika uko mbali kiasi kwamba hakuna mkazi anayeuona.

Mkono mrefu wa mji waweza pia kulinda, tuseme haki. New York ilitia saini mwaka 1997 mapatano na wakazi wa mabonde ya Catskill na Delaware, ikakubali kulipia utunzaji wa misitu, mashamba na mifumo ya majitaka ya huko, kwa sababu ilikuwa nafuu kuliko kujenga mtambo wa kuchuja maji ya kunywa. Msitu ulio mbali ulipona kwa kuwa mji uliuhitaji na ulijua kwamba unauhitaji.

Kwa Mtazamaramani mwenye ramani, ushauri wangu ni wa kazi zaidi kuliko wa nadharia. Acha kutazama rangi ya mji, anza kutazama barabara mpya zinazotoka mjini kabla hazijawa na nyumba. Katika Amazoni ya Brazili, utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu asilimia 95 ya ukataji wa misitu ulitokea ndani ya kilomita 5.5 kutoka barabarani au kilomita 1 kutoka mto unaopitika. Barabara hutangulia, kiwanja hufuata, bomba hufuata, na ikifika wakati wa kuita mtaalamu wa viumbe atoe maoni, kinachojadiliwa ni ile sehemu ya tano uliyoitaja. Ukizichukua ramani zako za miaka ya 1990, ukaweka juu yake barabara za mwaka 2000 na kisha majengo ya leo, utaona mwenyewe ni wapi uamuzi ulifanyika, na ulifanyika miaka mingapi kabla ya tofali la kwanza.